Lita na Kilomita: Hoja Kuhusu Tangi la Pikipiki ya Safari

Miongoni mwa waendeshaji wa pikipiki za masafa marefu ni mambo machache yanayozungumzwa kwa hamu kama ukubwa wa tangi. Mtu hununua chombo chake kikiwa na tangi la lita 18 au 20, na kabla hajakizoea huanza kutafuta namna ya kukifanya kibebe lita 30 au 40. Mmoja huling'oa tangi la kiwandani na kuweka lililo kubwa zaidi. Mwingine hufunga tangi la pili nyuma ya kiti. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye fedha chache, hufunga madumu ubavuni kwa kamba na kumtegemea Mungu. Wote watatu huamini kwamba petroli nyingi ni safari ndefu. Fikra hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu, na nusu iliyosahauliwa ndiyo inayowagharimu watu fedha, na mara nyingine maisha.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba haja yenyewe si ya kubuni. Mashindano ya Paris-Dakar yalipofanyika kwa mara ya kwanza, kuanzia Desemba 1978 hadi Januari 1979, yaliwapitisha waendeshaji katika Jangwa la Sahara, mahali ambapo tangi la kawaida halikuwa na maana. Viwanda havikuchelewa kuliona soko. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa pikipiki iliyoitwa Ténéré, jina la sehemu ya Sahara iliyomo nchini Niger, ikiwa na tangi la lita zipatazo 30. Mwaka uliofuata BMW ikauza toleo la R 80 G/S lenye tangi la lita 32. Huku Afrika Mashariki, wasafiri waliotoka Cairo kwenda Cape Town waliifahamu vema njia ya kaskazini mwa Kenya, kutoka Moyale kupitia Marsabit hadi Isiolo, kiasi cha kilomita 500, ambayo kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010 ilikuwa ya changarawe na mawe. Aliyebeba lita 10 za ziada katika njia ile hakuwa mjinga.

Hata hivyo, desturi iliyozaliwa jangwani imehamia kwenye lami, na huko haikuhojiwa. Pikipiki ya BMW R 1250 GS iliyotolewa mwaka 2018 hubeba lita 20, na dada yake aitwaye Adventure hubeba 30, ingawa wengi wa wanunuzi wake huendesha katika nchi za Ulaya ambako kituo cha petroli hakiko mbali. Nchini Marekani, chama kiitwacho Iron Butt Association, ambacho huwatambua waendeshaji waliokata maili 1,000 ndani ya saa 24, kilibidi kiweke kikomo katika mashindano yake makubwa: jumla ya petroli inayobebwa isizidi galoni 11.5 za Kimarekani, yaani lita 43 na nusu. Sheria ya namna hiyo haiwekwi mahali ambapo watu wamejizuia wenyewe.

Adui ni upepo

Swali ambalo lingepaswa kutangulia ni hili: kila lita moja inafanya kazi gani? Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulijibu kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa kanuni zote zimo katika kitabu chake cha fizikia.

Ichukuliwe pikipiki ambayo, pamoja na mwendeshaji na mizigo, ina kilogramu 300. Ikiwa katika mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare, injini hushindana na mambo mawili tu. La kwanza ni ukinzani wa matairi, ambao kwa tairi za kawaida huwa kiasi cha asilimia moja na nusu ya uzito, hivyo kani ya nyutoni 45 hivi, na kani hii haibadiliki sana mwendo ukiongezeka. La pili ni ukinzani wa hewa, na huu ndio mkubwa. Hupatikana kwa kuzidisha nusu ya densiti ya hewa kwa eneo la chombo linalokabili upepo, lililorekebishwa kwa ajili ya umbo lake, kisha kwa mraba wa mwendo. Eneo hilo lililorekebishwa, kwa pikipiki ya safari na mtu aliyeketi wima, linaweza kukadiriwa kuwa nusu mita mraba. Densiti ya hewa ni kilogramu 1.2 kwa mita moja ya ujazo.

Katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ambao ni mita 25 kwa sekunde, hewa hukinza kwa nyutoni 187. Katika kilomita 120 kwa saa hukinza kwa nyutoni 333. Matairi yakijumlishwa, jumla ni nyutoni 232 katika hali ya kwanza na 378 katika hali ya pili. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajouli 32 hivi, na injini ikigeuza robo yake kuwa kazi, zinabaki megajouli 8 za kusukuma chombo. Kwa kilomita 100, basi, mwendo wa 90 unahitaji lita 2.9 na mwendo wa 120 unahitaji lita 4.7.

Tangi la lita 20 litamfikisha wa kwanza kilomita 690. Wa pili litamfikisha kilomita 420 na kitu. Kama wa pili anataka kumfikia mwenzake bila kupunguza mwendo, itambidi abebe lita 32 na nusu. Maana yake ni kwamba aliyelegeza mkono wa kulia kidogo amejipatia tangi la ziada la lita 12, lisilovuja, lisilo na uzito, na ambalo halikuuzwa na duka lolote.

Hesabu hii ni ya karatasi, na barabara ina mambo yake. Injini ikifanya kazi ndogo hupoteza sehemu kubwa zaidi ya nishati, kwa hiyo tofauti halisi kati ya myendo hiyo miwili huwa ndogo kuliko ilivyoonyeshwa. Milima nayo hudai haki yake. Lakini sura ya jambo haibadiliki. Wala upepo wa mbele usisahauliwe: anayekwenda kilomita 90 kwa saa huku upepo wa kilomita 30 kwa saa ukimpiga kifuani, hewa humkinza sawasawa na aliyekwenda 120 siku ya utulivu. Mtu aliyepiga hesabu yake nyumbani bila kuukumbuka upepo huo hujikuta amesimama kando ya njia, na lawama zote humwangukia mwenye kituo cha petroli kwamba alimpunja.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa matangi hawapendi kulisema. Tangi au dumu linalotokeza ubavuni huongeza eneo linalokabili upepo. Eneo lile la nusu mita mraba likipanda hadi 0.6 kwa sababu ya madumu mawili ya lita 5, ukinzani wa hewa katika mwendo wa 120 hufika nyutoni 400, na matumizi hupanda hadi kiasi cha lita 5.6 kwa kilomita 100. Lita 30 zingempeleka msafiri kilomita 635 kama zingekuwa ndani ya umbo lilelile. Sasa zinampeleka 540. Kilomita 95 zimeliwa na vyombo vyenyewe vilivyobeba petroli. Uzito wa petroli hiyo ya ziada, kwa upande mwingine, hauna hatia katika hesabu hii: lita 10 ni kilogramu 7.4, nazo huongeza ukinzani wa matairi kwa nyutoni moja tu. Uzito una madhara yake, lakini ni ya namna nyingine.

Atatokea mwenye kusema kwamba kwenda polepole ni kupoteza wakati, na hoja yake ni ya haki. Kilomita 690 kwa mwendo wa 90 ni saa 7 na dakika 40. Kwa mwendo wa 120 ni saa 5 na dakika 45, na hata akisimama robo saa kujaza, bado atamtangulia mwenzake kwa saa moja na dakika 40. Lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba palipo na vituo vya petroli, tangi dogo halimcheleweshi mtu. Hata hao wa maili 1,000 kwa siku, ambazo ni kilomita 1,610, wanahitaji wastani wa kilomita 67 tu kwa saa. Mwenye uwezo wa kwenda kilomita 300 bila kujaza atasimama mara tano; mwenye uwezo wa 600 atasimama mara mbili; tofauti yao, kama kila kituo ni dakika 10, ni nusu saa katika siku nzima. Na katika hizo dakika 10 mwili hunywa maji, magoti hunyooshwa, macho hupumzika. Kuna ubishi mkubwa juu ya jambo hili, lakini ni vigumu kuona faida ya chombo kinachoweza kwenda saa 6 mfululizo chini ya mtu asiyeweza.

Hivyo basi, tangi la ziada lina mahali pake halali, napo ni pale ambapo umbali kati ya pampu na pampu unazidi uwezo wa chombo kinachoendeshwa kwa mwendo wa busara. Nje ya hapo ni pambo.

Uzito ukae wapi?

Tuseme sasa haja ipo kweli. Lita 20 za petroli ni kilogramu 15, uzito wa mtoto wa miaka mitatu au minne. Mahali atakapoketi mtoto huyo ndipo penye maarifa yote.

Wengi humweka nyuma kabisa, juu ya chuma cha mizigo, kwa kuwa pana nafasi. Chukua pikipiki ambayo ekseli zake ziko mita 1.5 mbali, na tangi la nyuma ambalo kitovu chake kiko sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa kanuni ya momenti, gurudumu la nyuma litabeba kilogramu 18 zaidi, si 15, na gurudumu la mbele litapunguziwa kilogramu 3. Gurudumu la mbele ndilo linaloongoza na ndilo linalofanya kazi kubwa ya kufunga breki. Likipunguziwa uzito, usukani huanza kucheza katika mwendo mkubwa, na katika mchanga hutangatanga. Petroli ileile ikiwekwa katikati ya ekseli hizo mbili, kila gurudumu hupata kilogramu 7 na nusu na mwendeshaji karibu asitambue kitu.

Kwa sababu hiyo, mwenye tangi la nyuma hana budi kulitumia kwanza, tangu kilomita ya mwanzo, na kuliacha tangi kuu kwa mwisho. Wapo wanaofanya kinyume, wakilichukulia tangi la nyuma kama akiba ya dharura, na hivyo huubeba mzigo mbaya kuliko yote safari nzima.

Kimo nacho kina neno. Honda walipoitoa Gold Wing ya kwanza mwaka 1974, pikipiki ya sentimita 1,000 za ujazo iliyokuja kuwa mfano wa pikipiki za safari, waliweka tangi chini ya kiti, na kile kilichoonekana kama tangi mbele ya mwendeshaji kilikuwa kifuniko tu. Watu walishangaa. Lakini mantiki ilikuwa safi: kimiminika kizito kishushwe, ili chombo kikubwa kisiwe kama mtu aliyejitwika ndoo kichwani. Anayeongeza tangi refu la kupanda juu anaibomoa kazi hiyo, naye atalipa siku ya kwanza atakapojaribu kuisimamisha pikipiki iliyolala.

Katika njia zote, tangi kubwa la kubadili lile la kiwandani ndilo bora, na sababu yake ni ya hisabati. Kila kipimo cha tangi, yaani urefu, upana na kimo, kikiongezwa kwa sehemu moja ya kumi tu, ujazo huongezeka kwa theluthi nzima, kwa kuwa 1.1 mara tatu kwa kuzidishana ni 1.33. Tangi la lita 20 huwa la lita 26 na zaidi, na jicho halioni tofauti kubwa. Petroli hubaki kati ya ekseli, na upepo hauongezewi kitu cha maana. Kasoro yake ni kwamba matangi mengi ya namna hii hukaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, yakishuka pande zote mbili. Koki ikiwa upande mmoja tu, petroli ya upande wa pili haifiki huko pindi ikipungua, na mwendeshaji hulazimika kukilaza chombo ubavu ili ivuke. Lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, basi, si lita zote zitakazoifikia injini.

Mvuke usioonekana

Mwenye kufunga tangi la pili anajenga kile ambacho vitabu vya shule hukiita vyombo vinavyowasiliana. Petroli iliyo katika tangi lililo juu itashuka katika lililo chini mpaka nyuso zake zilingane. Tangi la nyuma likiwa juu kuliko kifuniko cha tangi kuu, na bomba lililo kati yao likiachwa wazi, tangi kuu litajaa na kuendelea kujaa, kisha petroli itatokea kwenye tundu la kupumulia na kutiririka juu ya injini iliyo moto. Vali ya kufungia kati ya matangi hayo si anasa. Tundu la kupumulia nalo lisizibwe kwa hofu ya kumwagika, maana petroli ikitoka bila hewa kuingia, mkandamizo ndani hushuka na injini hukosa chakula huku tangi likiwa nusu.

Petroli hutanuka kwa joto zaidi ya maji, kiasi cha sehemu moja katika elfu kwa kila digrii. Lita 30 zilizojazwa asubuhi hadi mdomoni katika nyuzijoto 20, zikianikwa juani hadi 45, zinatafuta nafasi ya robo tatu ya lita ambayo haipo. Anayejivunia kuwa amejaza hadi tone la mwisho amejaza kwa ajili ya ardhi.

Ama kuhusu madumu ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kupikia, ambayo huonekana yakibebwa katikati ya mapaja ya madereva wa bodaboda katika barabara nyingi za Afrika Mashariki, hapana budi kusema bila kupindapinda: si vyombo vya petroli. Plastiki yake ni nyembamba, hupitisha mvuke, na kizibo chake hakikutengenezwa kuhimili mkandamizo. Ikumbukwe kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sifuri, na mvuke huo, ukiwa mzito mara tatu au nne kuliko hewa, haupai ukapotea bali hutambaa chini ukitafuta cheche. Dumu la chuma au la plastiki nene lililotengenezwa kwa kazi hiyo lijazwe likiwa limewekwa chini ardhini, si juu ya pikipiki, ili umeme tuli usijikusanye.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi haiko barabarani. Iko katika karakana. Mtu huleta tangi kuukuu, labda la pikipiki nyingine, amwombe fundi alikate na kulipanua au kulichomelea mdomo mpya. Tangi ni tupu, limekauka, limekaa wiki nzima juani. Fundi anawasha moto. Mvuke wa petroli huwaka pale tu unapokuwa kati ya asilimia 1 na nusu na 7 na nusu hivi ya hewa. Tangi lililojaa lina mvuke mwingi mno kuwaka ndani yake. Tangi lililotumika na kuonekana tupu ndilo linaloweza kuwa na kiwango kile hasa cha kulipuka, kwa kuwa mabaki hujificha katika kutu na mikunjo, nayo hutoa mvuke mara yanapopata joto. Mafundi stadi wamekufa kwa kazi ya dakika 5. Anayetaka tangi la umbo lake mwenyewe alitengenezeshe kwa bati jipya, lichomelewe lote na kupimwa kwa maji kabla ya tone la kwanza la petroli kuingia. Liwekewe na kuta za ndani zenye matundu, ili kimiminika kisikimbilie mbele kila breki inapofungwa. Faibaglasi, iliyopendwa zamani kwa wepesi wake, haifai tena mahali ambapo petroli huchanganywa na ethanoli, kwa kuwa ethanoli huilainisha gundi ya aina nyingi za matangi hayo.

Mwalimu wa fizikia anayetafuta zoezi la vitendo hana haja ya maabara kwa jambo hili. Pikipiki ya jirani ijazwe hadi alama fulani, iendeshwe kilomita 100 kwa mwendo mmoja, ijazwe tena hadi alama ileile, na lita ziandikwe. Siku nyingine irudiwe kwa mwendo tofauti katika njia ileile. Wanafunzi wachore matokeo dhidi ya mraba wa mwendo, walinganishe na hesabu ya juu, na waeleze kwa nini hayalingani kabisa. Kisha wachukue ramani, wapime nafasi iliyo ndefu kuliko zote kati ya kituo na kituo katika safari wanayoifikiria, na waongeze robo yake kwa ajili ya upepo wa mbele na milima. Kama tangi la kiwandani bado halitoshi, hapo ndipo waanze kuchora la pili.